Ng'ombe Asiye na Ndama

Athene, mwezi wa kuvuna zabibu, siku ya 4

Mdogo wangu Eukoline,

Isome hii peke yako kwanza, Baba akiwa ametoka kuota jua. Yeye umsomee upande wa pili wa kibao tu. Upande huo nimesema nabeba mawe bandarini Pireo. Si kweli. Lakini mgongo unaniuma kama wa mbeba mawe, kwa hiyo uongo wenyewe haukwenda mbali.

Nimepata kazi kwenye karakana ya sarafu. Ndiyo, ya hao hao Waathene waliotukataza kuchapa yetu. Nilizunguka siku kumi na moja nikila vitunguu na mkate mkavu wa shayiri, kila mlango naulizwa, "Unajua kazi gani?" Nikijibu najua kuchapa fedha, watu wanacheka. Mwisho nikafika kwa wanaochapa wenyewe. Msimamizi anaitwa Pithea, ana shingo ndefu kama bata. Akaniuliza, "Wa wapi wewe?" Nikamwambia wa Karisto.

"Aa, wale wa ng'ombe! Haya, ng'ombe, hebu tukuone unavyopiga."

Nikapiga vidonge vitatu vya fedha. Akavigeuzageuza, akasema, "Nyundo yako inalalia kushoto."

"Ndivyo nilivyozaliwa."

"Basi lala. Bundi hajali."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na tangu siku hiyo jina langu humu ndani ni Ng'ombe. Hakuna anayekumbuka Mnasoni.

Anayenishikia muhuri wa juu ni mtumwa wa mji, Tibeio, mtu wa huko kaskazini kwenye baridi. Yeye anatoa kidonge motoni kwa koleo, anakilaza juu ya muhuri wa chini wenye kichwa cha mungu wao wa kike na kofia yake ya vita, anasimamisha juu yake muhuri wa bundi, mimi napiga. Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Sikiliza, bwana. Hivi vidole ni kumi. Nimevihesabu nilipoamka. Jioni nitavihesabu tena." Mpaka leo kila jioni anavihesabu mbele yangu, kwa sauti.

Sasa hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Siku ya tatu walileta vikapu vya fedha ya miji, ile waliyoikusanya kwa amri yao kwamba kila mji utumie bundi tu. Tibeio akakipindua kimoja kando ya tanuri. Juu kulikuwa na sarafu za kasa wa Aigina. Chini yao, ng'ombe. Ng'ombe wetu, Euko, na jogoo wake upande wa pili wa sarafu. Ng'ombe amesimama, ndama ananyonya, mama amegeuza shingo nyuma anamlamba. Niliwajua mmoja mmoja. Baba huchonga pembe fupi kuliko mchongaji mwingine yeyote, na wengine niliwapiga mwenyewe, wamelalia kushoto. Wakaingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Mchana nilikuwa nawapiga bundi.

Baba asijue. Smikri wa mashua ya mkaa anakuletea bundi sita. Nunueni shayiri kabla mvua hazijaanza.

Kaka yako,
Mnasoni

*

Karisto, mwezi wa kuvuna zabibu, siku ya 20
Mkono ni wa Eukoline, maneno ni ya Baba

Mwanangu Mnasoni,

Nimesomewa kwamba unabeba mawe. Haya. Jiwe halimdai mtu akili, na mtu mzima anaweza kulibeba bila kuona haya.

Macho yangu yamekwisha. La kulia liliondoka kiangazi, la kushoto linaniachia weupe kama wa maziwa. Usinililie. Mtu hachongi miaka arobaini kitu kidogo kuliko kucha yake halafu akashangaa macho yakimtoka. Na vidole unavijua, vilikufa ganzi zamani kwa patasi.

Nina haja moja kwako. Wakaguzi walipokuja na amri yao nilitoa kila kitu sokoni mbele ya watu. Nilitoa sarafu zote za nyumba hii, hata ile aliyoshonewa mama yako kwenye shela siku ya harusi. Mihuri waliivunja kwa nyundo yako, ile uliyoiacha. Niliwasikia wakihema. Hawajui kupiga.

Sasa siku zangu si nyingi. Unajua kwamba mtu hashuki huko chini mdomo mtupu, lazima awe na cha kumpa mvushaji wa wafu. Mimi sina. Fedha iliyomo ndani ni hao bundi unaotutumia. Tunakushukuru, tunakula kwao. Lakini sitaki kushuka kule na bundi mdomoni. Mvushaji akiniuliza natoka mji gani, nifumbue mdomo atoke ndege wa watu wengine? Mimi, niliyemchonga yule ng'ombe mihuri thelathini na miwili, mmoja ukichakaa nachonga mwingine?

Hapo bandarini kuna wabadili fedha, na mabaharia ni watu wa kuficha vitu. Nitafutie ng'ombe mmoja. Awe mmoja tu, lakini awe na ndama wake.

Baba yako,
Kalipo

Kaka, hapa chini ni maneno yangu. Anadhani bado naandika salamu za majirani. Unawamwaga kwa vikapu, umesema mwenyewe. Mmoja akipungua nani atajua? Na kuna jambo jingine. Siku ile ya wakaguzi hakutoa kila kitu. Muhuri mmoja wa ng'ombe, na wa jogoo wake, imefukiwa chini ya jiwe la kusagia. Nikimwambia tuitupe baharini anakwenda kukaa juu ya jiwe hilo. Ikipatikana watamwua, na unajua kwamba hawatanii. Mletee ng'ombe wake, huenda akakubali tuitupe. – E.

*

Athene, mwezi wa kupanda, siku ya 2

Upande wa Baba:

Baba, shikamoo. Nimepita kwa wabadili fedha wote wa Pireo, meza kwa meza. Nimewauliza mabaharia wa Kio na wa Naksosi. Hakuna. Wanasema ng'ombe wa Karisto wamekwisha duniani. Nitaendelea kuuliza. Usikae kwenye upepo.

Mwanao, Mnasoni

Upande wako:

Euko, nisikilize kabla hujanichukia.

Tunapotoka kazini tunavuliwa nguo zote. Wanachana nywele zetu kwa kitana, wanatutazama kwapani, wanatufumbua mdomo na kuinua ulimi kwa kijiti, halafu turuke mara tatu. Palikuwa na mpuliza mvukuto, Kado, mtu huru kama mimi. Alificha kipande cha fedha kidogo kama punje ya dengu kwenye jino bovu. Msimamizi alimsalimu tu mlangoni, "Vipi, Kado?" Naye akajibu kama mtu mwenye uji wa moto kinywani. Wote tukacheka. Pithea akacheka pia, akasema, "Jibu tena."

Walimfunga kwenye ubao langoni siku tatu. Siku ya nne wakampeleka kwenye mashimo ya Laurio, kule fedha inakotoka. Tibeio akasema, "Ameenda kuisalimia kwao." Hakuna aliyecheka hiyo.

Nikikamatwa hamtapata hata bundi. Hiyo ni sababu nzuri na ni ya kweli. Lakini sababu yenyewe ni kwamba naogopa. Kila wakipindua kikapu natazama pembeni. Mwambie Baba hawapo. Mtu akiambiwa kitu hakipo, mwishowe huacha kukitaka.

Mnasoni

*

Karisto, mwezi wa kupanda, siku ya 19
Kwenye kipande cha chungu

Ameandika Nikopa, mke wa muuza jibini, kwa kuwa dada yako ana jipu mkononi. Baba mzima. Eukoline mzima. Bundi wamefika. Smikri anakuletea jibini moja. Dada yako anasema uikate mwenyewe, usimpe mtu akukatie. Anasema usiwe na wasiwasi. Mimi Nikopa nakusalimu, na kwa maoni yangu dada yako angekuwa amelala, si kuamrisha barua.

*

Athene, mwezi wa kupanda, siku ya 27

Eukoline,

Jibini nimeikata. Smikri alikaa kwenye gunia la mkaa akinitazama, akasema, "Mzee kanipa maneno ya mdomo. Kasema utazame kazi, umwambie imetokaje bila kuficha, kisha umrudishie. Kasema ni ya safari."

Nikamwuliza, "Safari gani?"

"Mimi nabeba mkaa, kijana. Maana sibebi."

Kwa hiyo aliifukua mihuri. Sarafu niliyoikuta ndani ya jibini ni mpya, ukingo wake unakwaruza kidole, haijapita mkononi mwa mtu hata mmoja. Fedha ameitoa wapi? Hereni za Mama? Usinijibu hilo kama ndilo.

Nakuambia nilichokiona, kwa sababu hii ndiyo kazi ninayoijua. Kidonge hakikulala katikati ya muhuri. Mgongo wa ng'ombe upo, pembe fupi zipo, shingo imegeuka, ulimi umetoka kulamba. Na pale panapostahili ndama pamekwisha. Ni ukingo. Ng'ombe analamba hewa.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Jogoo ni wawili, mmoja juu ya mwingine, vishungi viwili, mikia miwili. Hiyo hutokea pigo la kwanza likiusogeza muhuri wa juu, halafu mpigaji akapiga tena. Muhuri hausogei wenyewe. Husogea na mkono unaoushika. Baba hawezi kushika kitu asichokiona, na hawezi kupiga na kushika peke yake. Mimi nilimpigia miaka tisa, yeye akishika, nikamwumiza kucha moja tu, na mpaka leo nikiikumbuka jasho linanitoka.

Nani alishika, Euko? Hilo ni jipu gani?

Baba mwambie hivi: kazi imetoka safi, ng'ombe amekaa katikati, ndama yupo, ananyonya. Vidole vyake ni ganzi, hatajua. Lakini sarafu hii siirudishi. Kwanza, mtu yeyote wa kazi akiiona atajua imechapwa baada ya amri. Pili, sitaki aende nayo hivi ilivyo. Nitampatia mzima. Safari hii ninasema kweli. Nipe mpaka mashua ijayo.

Ile mihuri ya chini ya jiwe la kusagia itupeni. Leo.

Mnasoni

*

Karisto, mwezi wa kuchuma zeituni, siku ya 8

Kaka,

Nimeandika kwa mkono wa kushoto, siku tatu kwa barua moja, kwa hiyo soma polepole kama nilivyoandika.

Nilipomsomea Baba kwamba ng'ombe wamekwisha duniani, aliendelea kuota jua mpaka likageuka. Kisha akasema, "Mnasoni hakumpata. Basi tutamzaa wenyewe." Ndiyo, ni hereni za Mama. Alitaka kuziyeyusha mwenyewe, nikamkataza, nikaziyeyusha mimi. Akanifundisha kushika. "Usifumbe macho. Useme 'hapa', nami nitapiga sauti yako." Alinisimamisha, akapima urefu wangu kwa kiganja chake, akaniuliza mara mbili kama naogopa. Nikasema siogopi. Unaona tunavyofanana, sisi wawili.

Pigo la kwanza lilipita kando kidogo. Ningeachia. Lakini fedha ilikuwa ile ile moja tu, hapakuwa na hereni nyingine, nikaurudisha muhuri na kusema "hapa" tena. La pili lilinipata mimi kwanza. Vidole vitatu vya kulia. Viwili Nikopa alivikata kwa kisu cha jibini, cha tatu kipo lakini hakikunjiki.

Baba akauliza, "Ni muhuri umeteleza?"

"Ni muhuri tu, Baba."

Halafu akanyoosha mkono kutafuta sarafu, akapata maji ya moto, akanusa. Tangu siku hiyo hali vizuri. Nyundo ameniambia nimpe Smikri akaitumie kama nanga.

Nilikulaumu siku mbili. Ya tatu nilikuwa na homa, sikuweza. Sasa sijui. Sifumi tena, na Nikopa amekuja mara mbili kusema kwamba yule kijana wa kwa wachunga mbuzi, aliyekuwa aje kuniposa, hajapita njia hii siku nyingi. Alidhani ananifariji.

Ulivyoniambia nimwambie, kwamba ndama yupo, nimemwambia. Alinyamaza. Kaka, rudisha ile sarafu. Ndama au bila ndama. Kila tanga likionekana ananiuliza, "Ni Smikri?" Anakohoa, na miguu imeanza kuvimba. Usingoje kumtafutia mzima. Rudisha hiyo.

Eukoline

*

Athene, mwezi wa kuchuma zeituni, siku ya 25

Euko wangu, na Baba, barua hii haina upande wa pili, muisome pamoja!

Nimempata.

Barua yako ilifika nikiwa kazini, na nilipotoka Smikri alikuwa ameshang'oa nanga kwa kuogopa upepo. Nilikaa gatini nimeshika sarafu isiyo na ndama, nikasema basi, mpaka arudi nitakuwa naye mzima. Nilihesabu vikapu vilivyobaki vya miji. Vinne. Vitatu vilikuwa vya kasa na zabibu. Juzi wakakipindua cha nne.

Walikuwa ng'ombe wapatao arobaini, na mmoja wao ni wa zile sarafu ndogo, za thamani ya nusu. Nilimtambua kabla sijamwokota. Baba, ni wa ule muhuri wenye ufa chini ya kwato, ule uliotupasukia mwaka wa nzige, mimi nikipiga na wewe umeshika. Ndama yupo wote, mkia mpaka pua. Nilijifanya nakohoa mkaa, nikammeza.

Tibeio aliona. Akanishikia muhuri kwa mapigo matano, kisha akasema, "Mimi nahesabu vidole. Ng'ombe sihesabu."

Mlangoni niliruka mara tatu. Pithea akanifumbua mdomo kwa kijiti, akanusa, akasema, "Ng'ombe, leo hunuki vitunguu. Unaumwa?" Nikasema tumbo. Hilo nalo halikuwa uongo. Siku mbili nimekula tini tu, na yaliyobaki sitayaandika kwa sababu Baba anasomewa. Nimemwosha kwa siki mara tano. Sasa yupo hapa mbele yangu kwenye meza, anamlamba mwanawe.

Baba, sasa nasema yote. Sikubeba mawe hata siku moja. Nachapa bundi wao tangu mwezi wa zabibu, na ng'ombe wako nimewaona wakiyeyuka, na nilipokuambia hawapo walikuwa hatua tatu kutoka mguuni pangu. Na ile uliyonitumia haina ndama. Nilikudanganya kwa sababu mkono wako ulinitia huruma, na kwa sababu ya Euko, na kwa sababu niliogopa. Nikija masika unipige kwa chochote kilichobaki.

Smikri anategemewa kesho au keshokutwa. Zote mbili ninazo, nitampa mkononi.

Mnasoni

*

Karisto, mwezi wa kuchuma zeituni, siku ya 21

Kaka,

Baba alifariki juzi asubuhi. Jana tumemzika karibu na Mama.

Nakuandikia ilivyokuwa, kwa sababu ungekuwepo ungetaka kuona.

Asubuhi ile alikuwa na nguvu kidogo. Akauliza kama kuna tanga. Nikamwambia bahari tupu. Akasema, "Basi niletee chungu cha bundi." Walibaki tisa. Akamchukua wa kwanza akampitisha kwenye mdomo wake wa chini, taratibu, ukingo wote, kama mtu anayeonja. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Vidole vilipokufa nilijifunza kwa mdomo. Miaka kumi sasa. Mnasoni hajui, nilikuwa naona haya."

Akasema, "Huyu ni wake." Akamweka kando. Wa pili, "Huyu wa mtu mwingine." Wa tatu, "Wake. Sikia anavyolalia kushoto, mjinga wangu." Walikuwa watano.

Alijua tangu bundi wa kwanza uliotuma. Alijua hubebi mawe. Uliposema ng'ombe wamekwisha duniani alijua umekaa juu yao. Na ile sarafu yetu, alipoipata mikononi siku ile, kabla sijafungwa kitambaa, aliipitisha mdomoni akajua haina ndama. Hakukutumia ili umwambie imetokaje. Alitaka kusikia utasema nini. Nilipomsomea "ndama yupo, ananyonya", kumbe alinyamaza kwa sababu hiyo.

Nikamwuliza, "Sasa Baba, umemkasirikia?"

Akasema, "Ameogopa. Mtu akiogopa hulala upande mmoja." Halafu akashika mmoja wa wale watano, akaniwekea kwenye kiganja hiki cha kushoto, akakifumba. "Ng'ombe wangu hajarudi. Nitie huyu. Huyu angalau hajanidanganya."

Sijui alisema kwa mapenzi au alikuwa anakupelekea neno. Sikuuliza tena. Adhuhuri haikufika.

Wanawake wa kuosha walipomaliza nilimtia mwenyewe. Nikopa alishangaa, "Mzee Kalipo na bundi?" Nikamwambia ndivyo alivyotaka. Mihuri ile miwili nimeifunga kwenye sufu na kumlazia kichwa juu yake. Wachimbaji walidhani ni mto. Hakuna mkaguzi atakayetafuta pale.

Smikri anaondoka sasa hivi, upepo umetulia. Usije mwaka huu, bahari si nzuri.

Eukoline

*

Athene, mwezi wa kuchuma zeituni, siku ya 28

Mdogo wangu,

Smikri alinikuta gatini nimeishika ile barua yangu ya furaha na sarafu zote mbili kwenye kitambaa. Alinipa kibao chako, akaenda kukaa kwenye magunia yake, akanipa mgongo mpaka nilipomaliza. Ile barua ya siku ya 25 nakutumia pamoja na hii. Uisome au uitie motoni. Nilipokuwa naiandika alikuwa na siku tano ardhini.

Nimehesabu. Siku niliyommeza yule mzima, Baba alikuwa ameshazikwa. Siku niliyoletewa jibini, kama ningemrudishia Smikri sarafu ile ile palepale, ingemkuta. Hiyo haihitaji shule.

Yule mzima nimemrudisha. Jana jioni nilimmeza tena, maana kuingia nako tunakaguliwa, na leo mchana tumbo likamtoa kule chooni nyuma ya tanuri, nikamtupa kwenye chungu pamoja na wenzake. Unaona kazi niliyojipa. Tibeio akaniuliza, "Umemtoa wapi tena huyo?" Nikamwambia hana pa kwenda. Akakoroga. Alasiri nilimpiga akiwa bundi, sijui yupi.

Asiye na ndama ninaye, nimemshonea ndani ya mshipi, huachwa chumbani na nguo nyingine za kutembelea. Ana damu yako kwenye kishungi cha jogoo, ndani ya mkunjo, siki haikuitoa. Nikifia huku, Smikri anajua pa kutazama.

Nitakuja masika. Nimesikia ulivyosema kuhusu kufuma na kuhusu yule wa mbuzi. Hapatakuwa na kazi huko, najua, lakini nitaweza kubeba mawe. Safari hii kweli.

Pithea ananiambia nijirekebishe, nipige wima, maana kuna watu wa Misri wanalalamika. Ningeweza kama ningetaka. Leo nimepiga tangu jua lilipotoka, na wote wamelalia kushoto, na wataenda hivyo hivyo kila wanakokwenda, kwa watu watakaowapima uzito na kuwatia mfukoni.

Kibao hiki nimekiandika upande mmoja. Ule mwingine nilikwisha kuulainisha nta, kwa mazoea, kisha nikauacha hivyo hivyo.

Kaka yako,
Mnasoni